Uchambuzi wa kisa: kampuni moja, vijana 30, na pesa iliyokaa kwenye bajeti ya masoko

Kabla sijaanza

Nimeamua kuandika hiki kisa kwa sababu toka USAID ifungwe mwaka 2025 simu zimekuwa nyingi, mashirika madogo yaliyokuwa yanategemea wafadhili wa nje sasa hivi yanabisha hodi kwenye makampuni, na watu wa makampuni nao wananiuliza "tunataka programu ya viongozi vijana, tuanzie wapi". Kila nikianza kujibu najikuta nasimulia hiki hiki. Sasa nakiweka hapa kizima.

Majina yote nimeyatoa, la kampuni, la shirika letu, la wilaya, ya vijana, na vitu vichache nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Kampuni nitaiita Kampuni tu, inatengeneza na kusambaza bidhaa za nyumbani, ina kiwanda na maghala Kanda ya Ziwa. Mimi nilikuwa mratibu wa programu upande wa shirika. Kuna makosa humu ndani yana saini yangu, na nitayasema yakifika zamu yake.

Mazingira

Wazo lilitoka kwa mkurugenzi mmoja wa Kampuni, bado kijana, ambaye aliwahi kupita kwenye kituo cha YALI pale Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa asiyeijua, YALI ni ule mpango wa Marekani wa viongozi vijana wa Afrika ulioanzishwa na Obama mwaka 2010, afu 2014 likapelekwa kundi la kwanza la vijana 500 kusoma Marekani, na baadae vikafunguliwa vituo vya kanda ili wengine wasomee hapa hapa Afrika, sisi wa Afrika Mashariki kituo chetu kikawa Nairobi. Yule bwana alirudi amebadilika kweli, anasema mle ndani kwa mara ya kwanza alikaa meza moja na Mrundi, Muethiopia na Mkongomani wanabishana kuhusu maji na mashamba, akaona kumbe matatizo ya kwao sio ya kwao peke yao. Alitaka vijana wa Kanda ya Ziwa wapate kitu kama kile bila kupanda ndege. Nia yake ilikuwa safi na nataka msomaji alijue hilo toka mwanzo, kwa sababu huko mbele mambo yataharibika na haikuwa kwa ubaya wa mtu.

Tulikaa vikao vitatu kabla ya kukubaliana programu iweje. Kulikuwa na mvutano wa njia mbili. Wengine walitaka tuige Wakfu wa Tony Elumelu wa Nigeria, ambao toka 2015 unampa kijana mwenye wazo la biashara dola 5,000 ambazo harudishi, lengo la mwanzo lilikuwa wajasiriamali 10,000 kwa miaka kumi. Wengine tukasema hapana, tuangalie walichofanya Equity Bank ya Kenya, wao toka 1998 wanawachukua wanafunzi waliofaulu sana kidato cha nne cha kwao, kabla hawajaenda chuo, wanawaweka kwenye matawi ya benki wafanye kazi halisi na walipwe. Pale kijana wa miaka 18 au 19 anajifunza kukaa na mteja mwenye hasira, kufunga hesabu jioni, kuamka asubuhi akarudi tena.

Mimi nilikuwa upande wa Equity. Lakini hoja haikuamuliwa na sisi, iliamuliwa na swali la mhasibu mkuu: hii pesa inatoka fungu gani?

Hapo ndo kila kitu kilipopinda ila hatukuona. Mkurugenzi alijibu itoke kwenye mafunzo. Mhasibu akasema mafunzo hayana kitu, sisi kila mwezi tunalipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo mwajiri mwenye watu kumi na kuendelea anakatwa juu ya mishahara anayolipa, kwahiyo kampuni ikishalipa SDL inaona habari ya kufundisha vijana imeshamalizana nayo serikalini. Simlaumu, ndivyo wahasibu wengi wanavyofikiri na kwa upande wao ina mantiki. Fungu pekee lililokuwa na nafasi ni la masoko. Meneja masoko akasema sawa, mimi nina milioni 96 za kurudisha kwa jamii, nitatoa milioni 24 kila robo mwaka.

Tukapeana mikono, tukanywa soda, tukafurahi.

Kilichotokea: kuchagua vijana

Fomu ya kwanza ya maombi ilikuwa ya mtandaoni, kwa Kiingereza, kurasa nne. Ndani ya wiki moja tulipata maombi mengi sana ila karibu yote ni ya wahitimu wa vyuo wanaoishi mjini, na nikisoma majibu naona kabisa mengine ni ya kunakili, kila mtu ana "shauku ya kuleta mabadiliko". Kutoka kata za mwaloni (kule ziwani boti za wavuvi zinakoshusha samaki) na visiwani, sifuri.

Mwenzangu ofisini akaja na wazo ambalo mpaka leo namshukuru. Akasema watu watume maombi kwa sauti ya WhatsApp, kwa Kiswahili, dakika tatu tu, wajibu swali moja: niambie mara ya mwisho watu walikufuata wewe kwenye jambo fulani, ilikuwaje. Tukatangaza redio za jamii na kwenye mbao za kata. Aisee. Zile sauti nilizisikiliza usiku mpaka saa nane. Kuna kijana alieleza jinsi walivyogoma kumlipa wakala wa mashine mpaka atoe risiti. Kuna binti wa miaka 23, nitamwita N, anauza dagaa, alieleza jinsi alivyowashawishi wanawake wenzake kumi na moja wanunue mizani yao wenyewe kwa sababu walikuwa wanapunjwa kwenye ndoo. Hakusema neno uongozi hata mara moja.

Kati ya vijana 30 tuliowachagua mwishoni, 11 walitoka kwenye sauti.

Uzinduzi na mfano wa hundi

Uzinduzi ulifanyika hotelini. Ukumbi, chakula cha watu 150, mabango, fulana zenye nembo, nauli za waandishi, mpiga picha wa Kampuni kutoka Dar. Jumla milioni 19, kwenye robo ya milioni 24. Nilipoona ile hesabu nilisema kidogo, meneja masoko akanijibu kwa upole kwamba uzinduzi ndio unaomuwezesha yeye kutetea bajeti ya robo ijayo kwa wakubwa zake. Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi kwa kazi yake, yeye anapimwa kwa jina la bidhaa linavyosikika, sio kwa kijana anavyokua.

Afu kikaletwa kile kibao kikubwa cha mfano wa hundi, kimeandikwa shilingi milioni 96, mgeni rasmi akakishika upande huu na vijana watano wakakishika upande ule, mmojawapo N. Picha ikapigwa, ikaenda kwenye kurasa za Kampuni na jioni ile ile ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp mkoa mzima.

Siku ya pili asubuhi N akanipigia analia. Mama yake huko kijijini alikuwa na mkopo wa laki nne kwenye kikundi cha VICOBA na alikuwa anarejesha vizuri tu kwa ratiba. Wanakikundi waliiona ile picha. Wakamfuata nyumbani, "mwanao kapewa milioni 96 na wewe unatuletea elfu ishirini ishirini". Mama anaapa kwamba mtoto hajapewa kitu, hakuna anayemuamini, na kinachouma zaidi ni kwamba na yeye mwenyewe akaanza kumshuku mwanae. Akamwambia N, mwanangu kama umepata sema tu, sitakuomba. Wale vijana watano wote walipata kitu cha namna hiyo. Mmoja mwenye nyumba alimpandishia kodi.

Ilibidi nisafiri na N mpaka kwao, nikakaa na kile kikundi chini ya mwembe, nikawaeleza kwamba zile pesa ni za programu nzima na hakuna kijana aliyeshika hata shilingi mkononi. Mama mmoja akaniuliza, "sasa kama hamjawapa, kwanini mliwashikisha?" Sikuwa na jibu na sijalipata.

Miezi ya mentashipu

Mpango ulikuwa mameneja 15 wa Kampuni, kila mmoja awe menta wa vijana wawili, wakutane mara mbili kwa mwezi. Kwenye karatasi ilipendeza. Kufika mwezi wa nne mameneja watano tu ndio walikuwa wamekutana na vijana wao zaidi ya mara moja.

Nilianza kwenda kukaa getini kuangalia kinachoendelea. Kijana anafika saa nne kama alivyoambiwa, mlinzi anapiga simu ndani, simu haipokelewi, anaambiwa subiri. Anakaa kwenye benchi la walinzi. Saa sita meneja anatuma ujumbe kwamba yuko kwenye kikao, basi tufanye alhamisi. Kijana ametoka mwaloni, nauli kwenda na kurudi elfu saba, na sisi tulikuwa tunarudisha elfu tatu kwa sababu aliyepanga bajeti (ni mimi) alipiga hesabu kwa daladala za mjini. Elfu nne zinatoka mfukoni kwake, kila mara, kwa ajili ya kukaa na mlinzi.

Nikawafuata wale mameneja mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu mbaya. Walichoniambia karibu wote ni kitu kimoja: bosi wangu hajui kwamba nina hii kazi. Waliombwa na masoko, kwa barua pepe, wakakubali kwa moyo, lakini malengo yao ya mwaka hayakubadilika hata nukta, na mkurugenzi wa mauzo akiita kikao saa nne meneja hawezi kusema nina kijana getini.

N anaingia ghalani

Mwezi wa tano N akafanya kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Menta wake alikuwa meneja wa usambazaji, hakuwahi kupatikana, ila kwa kumsubiri mara nyingi N alishazoeana na msimamizi wa ghala ambaye anapita pale getini kila saa kukagua magari. Mzee wa makamo, elimu yake kidato cha nne, ghalani ana miaka zaidi ya ishirini. Siku moja N akamwambia, "shikamoo mzee, badala ya kukaa hapa naomba nije nikae kwako nikuangalie unavyohesabu". Mzee akamjibu marahaba, ila kwangu hakuna kuangalia, ukija unahesabu.

Nilipata habari baada ya wiki mbili. Nilitakiwa kumzuia, maana hakukuwa na bima wala barua ya kumruhusu aingie eneo la kazi. Sikumzuia, nikaomba barua ikaandikwa kwa tarehe ya siku ile, na mzee akampa kofia ngumu na viatu. Hapa naomba watu wasiniige, barua na vifaa vitangulie, sisi tulikuwa na bahati tu.

Kwa mzee kuna sheria moja: ukisaini kadi ya stoo, mzigo ni wako. Wiki ya tatu akamwachia N apokee gari peke yake. Gari lina sabuni, karatasi inasema katoni 600, N akahesabu akapata pungufu 14. Dereva, mtu mzima, akamwambia dada saini bana watu wanasubiri mizigo, na vibarua wamesimama pembeni wanamtazama. N akapiga simu ofisini kwa mzee, ambaye yuko mita thelathini tu na kupitia dirishani anaona kila kitu. Mzee akamuuliza, umehesabu mara ngapi? Mbili. Basi usisaini. Akakata simu na hakutoka nje.

N alisimama pale na dereva karibu nusu saa. Alichofanya mwishoni ni kumwomba yule dereva wahesabu wote wawili, yeye aite namba na dereva aweke alama kwa chaki, na dereva akakubali. Zilikuwa pungufu 14 kweli, ziliachwa kwenye ghala la huko mzigo ulikotoka, wala haikuwa wizi, na dereva mwenyewe akaja kushukuru kwa sababu zingekatwa kwake.

Nilimuuliza mzee kwanini hakutoka kumsaidia. Akasema, "ningetoka, kuanzia siku ile madereva wote wangejua wa kuongea naye ni mimi".

Nilikuwa nimekaa kwenye semina za uongozi za gharama kubwa na sijawahi kumsikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kiasi hicho.

Pesa inakata

Mwezi wa saba Kampuni ikapata mkuu mpya wa masoko. Mauzo ya bidhaa moja yalikuwa yameshuka, fungu la kurudisha kwa jamii likahamishiwa kwenye promosheni ya dukani. Robo ya tatu haikuja. Nikaandika barua, nikajibiwa kwa heshima kwamba wanapitia upya vipaumbele, na kwa sasa wangependa tuwatumie video fupi za vijana wakieleza walivyobadilika. Nikafungua mkataba. Mkataba ulisema Kampuni "itachangia" kila robo. Hausemi wakitaka kusitisha watoe taarifa ya muda gani, hausemi vijana walioko katikati watafanywaje. Niliusoma kabla ya kusaini na sikuliona hilo pengo, kwa sababu wakati huo tulikuwa tunapendana.

Tulikuwa na njia tatu. Kufunga programu na kuwaambia vijana ukweli. Kuendelea kwa kujitolea, yaani sisi watu wanne tutoe mifukoni. Au kutafuta mlango mwingine ndani ya Kampuni hiyo hiyo. Bodi yetu ilitaka tufunge, ilikuwa na hofu ya madeni na ilikuwa na haki. Mimi niliomba wiki tatu za kujaribu njia ya tatu, na sababu yangu ilikuwa N na yule mzee, kwamba kuna kitu kilikuwa kinafanya kazi mle ndani bila kutumia senti ya masoko.

Nikaenda kwa meneja rasilimali watu. Sikupeleka prizentesheni, nilimwomba tu twende wote ghalani. Alimkuta N anamfundisha kibarua mpya kupanga katoni. Akauliza huyu tunamlipa shilingi ngapi? Hakuna. Akanyamaza, afu akasema kitu ambacho sikukijua: msimu wa mauzo unakaribia, ana fungu la vibarua, na kila mwaka anapata watu wasiojua kusoma kadi. Ndani ya siku nne tukakubaliana awachukue vijana 12 kwa fildi ya wiki kumi, siku sita kwa wiki, chakula cha mchana kantini, na elfu tano kila siku ya nauli. Kila kijana chini ya msimamizi, sio meneja.

Pigeni hesabu ya ile nauli. Vijana 12, elfu tano, siku sitini, ni milioni 3 na laki 6. Siku moja hotelini ilikula milioni 19.

Uamuzi wa kuchagua 12

Hiki ndicho kipande kigumu kwangu kukiandika. Vijana walikuwa 30, nafasi 12. Tulitaka kigezo cha haki kisicho na upendeleo, tukaamua kutumia mahudhurio, aliyehudhuria vipindi vingi ndiye anayejituma. Tukapanga orodha, tukakata kwenye namba 12, tukawatangazia kwenye grupu.

Miezi kadhaa baadae nikiwa naandika ripoti nilikaa na orodha ile pamoja na majina ya kata wanazotoka. Kati ya vijana 11 wa maombi ya sauti, wawili tu waliingia, na mmoja ni N ambaye alishakuwa ndani tayari. Walioachwa karibu wote wanatoka mbali, wale wa nauli ya elfu saba. Tulipima nani anaishi karibu na kituo cha daladala tukakiita kigezo cha kujituma. Na wala haikuhitaji utaalamu kuliona hilo, ilihitaji tu mtu mmoja aulize "kwanini hawa hawaji" kabla ya kukata orodha.

Matokeo

Vijana 12 walimaliza wiki kumi. Wanne Kampuni iliwapa mikataba, wawili ghalani, mmoja maabara ya ubora, mmoja kwenye magari. N hakutaka mkataba, alirudi mwaloni, na kwenye uchaguzi wa BMU yao (ule umoja wa wavuvi na wafanyabiashara wa mwaloni unaosimamia mambo ya uvuvi) akachaguliwa katibu. Kitu cha kwanza alichoanzisha ni kadi ya kuandika kila mzigo unaopokelewa, yenye sehemu mbili za saini. Waliobaki wa kundi lile wametawanyika, wengine wana biashara, wengine wanatafuta kazi kama walivyokuwa mwanzo.

Wale 18 hatukuwafanyia kitu cha maana. Tuliwapa vyeti. Mmoja wao, nitamwita K, ndiye aliyesimulia habari ya wakala na risiti kwenye ile sauti yake, aliacha kupokea simu zangu. Kupitia mwenzake nilisikia alichosema: wale walitaka picha yangu tu.

Na kwenye taarifa ya mwaka ya Kampuni ikaandikwa kwamba vijana 30 wamejengewa uwezo. Takwimu ile ilitoka kwenye ripoti yetu, ukurasa wa pili, na chini kuna saini yangu. Niliandika 30 kwa sababu 30 walihudhuria angalau kipindi kimoja na fomu ya ripoti ilikuwa inauliza "idadi ya walengwa waliofikiwa". Sio uongo, ila mtu akiisoma anaelewa kitu ambacho hakikutokea, na nilijua hivyo nilipokuwa naandika.

Uchambuzi

Watu wengi nikiwasimulia wanasema tatizo ni Kampuni kutokuwa makini. Sikubaliani. Kwa maoni yangu karibu kila kitu kilichoharibika kilitokana na lile jibu la kikao cha tatu, pesa itoke fungu gani. Pesa ikikaa masoko, inafanya kazi ya masoko, hata kama aliyeitoa ana moyo wa dhahabu. Itataka uzinduzi mkubwa, itataka idadi kubwa ya vijana kwenye picha (kwanini 30? kwa sababu 30 wanajaza jukwaa), itataka mameneja wenye vyeo sio wasimamizi wa ghala, itataka video, na mauzo yakiyumba itakuwa ya kwanza kuhama. Pesa ile ile ingekaa rasilimali watu ingeuliza maswali mengine kabisa: huyu kijana atakaa kwa nani, atafanya nini saa mbili asubuhi, atakula wapi, akiumia nani anawajibika.

Turudi kwenye ule mvutano wa njia mbili, kumpa pesa au kumpa kazi. Sidhani tena kwamba moja ni sahihi na nyingine sio. Dola 5,000 za Elumelu zina kitu kimoja kizuri sana ambacho sisi hatukuwa nacho, zinamfikia kijana mwenyewe mkononi. Sisi tulimshikisha hundi ambayo sio yake. Na njia ya Equity ina kingine, kijana anapewa jukumu ambalo akilikosea linaonekana jioni hiyo hiyo. N alikua kwa sababu ya zile katoni 14. Kama angehesabu vibaya angekosea mbele za watu, na mzee alikuwa tayari kuiacha hatari hiyo itokee. Mameneja wetu hata wangepatikana wangempa ushauri, na ushauri alikuwa nao mwingi tu.

Kuhusu mentashipu, nimeshaona programu nyingi zikimpa kijana mtu wa juu kabisa kwa sababu inapendeza kwenye tangazo. Msimamizi wa zamu ana muda, yuko sehemu moja siku nzima, na kazi anayoifanya inaweza kugawanywa ikapewa mtu mwingine leo leo. Meneja kazi yake ni vikao. Lakini hata msimamizi asitumiwe bure, yule mzee alifanya yote kwa hiari yake na hakuna mahali ilipoandikwa, angeumwa wiki moja tu kisa hiki kingekuwa kingine.

Maombi ya sauti yalifanya kazi, bila ubishi. Ila ukimfungulia mtu mlango wa mbele ukashindwa kumlipia nauli, umemwalika kwenye mbio ambazo kigezo cha ushindi ni kuishi jirani. Tungerudisha nauli halisi kwa kila mtu kadiri ya anakotoka, ingetugharimu kidogo sana kulinganisha na fulana.

Na ule mkataba. Shirika dogo likipata kampuni kubwa linaogopa kuuliza maswali ya talaka siku ya harusi. Sisi tuliogopa. Laiti tungeuliza mapema, nadhani yule meneja masoko wa kwanza angekubali bila shida.

Mwaka wa pili

Mkurugenzi aliyeanzisha wazo alitaka tuendelee na safari hii alikuwa mkali kuliko mimi. Tukapunguza vijana mpaka wanane. Fungu liko rasilimali watu. Wasimamizi wanne wana vijana wawili kila mmoja, na kazi hiyo imeandikwa kwenye malengo yao ya mwaka na bosi wao amesaini. Nauli inatumwa kwa simu kila jumatatu asubuhi, kwa kiwango cha kata ya kijana, kabla hajasafiri. Kampuni ikitaka kusitisha inatoa taarifa ya siku 90, na vijana waliopo wanamaliza. Uzinduzi ulikuwa chai na maandazi kantini, familia zikaalikwa, mama yake N alikuja kuongea na wazazi wenzake na aliongea kuliko mgeni rasmi.

Nafasi mbili tuliziweka kwa ajili ya wale 18. Tuliwatumia wote ujumbe wa sauti, tukaeleza tulichokosea kwenye kuchagua, tukawaomba radhi. Saba walijibu, wawili wameingia. K bado hajajibu.

Wanane wapo kwenye wiki ya sita sasa. Kinachonisumbua kwa leo ni kwamba meneja rasilimali watu anahamia Dar mwezi ujao, na ingawa mkataba upo, aliyewahi kusimama ghalani akaona ni yeye. Nimeshaomba yule anayekuja, siku yake ya kwanza kabla ya vikao, tuanze kwa kwenda kumsalimia mzee.